Dakika Moja Kwenye Mashine ya Emerance

Shefu Rémy, kiongozi wa avenyu yetu, alipokuja kumwambia Emerance azime mashine ya kusaga, ilimbidi aseme mara tatu. Mara ya kwanza Emerance alisikia neno "mazutu", akajibu kwamba mafuta ya dizeli yapo ya kutosha. Mara ya pili alicheka tu, kama anavyofanya kila mara asiposikia. Mara ya tatu shefu alimshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye avenyu, mbali na ule mngurumo, naye Emerance akasimama pale juani, mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, akijitoa unga masikioni kwa kidole.

"Mama Emerance," akasema shefu, "kesho njo tarehe mbili ya mwezi wa nane. Siku ya kukumbuka watu waliokufa katika vita. Saa sita kamili, kila mahali pa kazi watu watasimama na kunyamaza dakika moja. Sokoni, gereji, bandarini, kila mahali. Na hapa kwako."

"Haina shida, shefu. Nitanyamaza."

"Na mashine inyamaze."

"Aa! Mashine hapana!"

Akaanza kueleza, na akianza kueleza huwa anaeleza kwa mikono yote miwili. Mashine yake ilikuwa na injini ya silinda moja, iliyoletwa hapa Kindu, Kongo, kwa gari-moshi kabla yeye hajazaliwa. Asubuhi iliwashwa kwa manivele, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia, na kazi hiyo ilikuwa ya Désiré, mwanamume wa miaka arobaini mwenye shingo nene kuliko kichwa. Ikishawaka, haikuzimwa mpaka jioni. Ukiizima ikiwa na moto, inanuna.

"Utaiwasha weye, shefu? Na hiyo mikono ya kushika kalamu?"

"Mama, watu wamekufa wasiohesabika. Weye unashindwa na dakika moja?"

Emerance akateremsha mikono yote miwili. Sisi tunaomjua tunaelewa kwamba hilo si jambo la kila siku.

"Bon," akasema mwishowe. "Nitaizima. Lakini wakati wa kuiwasha, na weye utakuwa hapa."

Ili mtu aelewe kwa nini alisita, lazima ajue Emerance ni nani. Alizaliwa Kibombo, akaja Kindu mwaka 1997 akiwa na miaka ishirini, kukaa kwa shangazi yake aliyeuza mawese karibu na bandari. Wiki ya pili shangazi alikuwa ameshamchoka. Akampeleka kwa mzee Djamali, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mwenye mashine hii hapa mtaa wa Kasuku.

"Huyu mutoto anacheka kanisani," shangazi akasema. "Anacheka kwenye matanga. Anacheka hata akikanyaga muiba. Umuchukue, muzee. Hapa kwako hakuna mutu atamusikia."

Djamali akamchukua. Na ilikuwa kweli, hakuna aliyemsikia, ila waliona mabega yake yakitikisika nyuma ya wingu la unga, nao wakaanza kucheka bila kujua sababu. Wateja waliongezeka.

Miaka miwili baadaye aliolewa na Ismaël, mpiga kasia aliyevusha watu na mizigo kati ya Kasuku na Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Wakati huo vita ilikuwa imeshaingia mjini. Emerance ni Mkristo, Ismaël alikuwa Muislamu. Padri alikuna kichwa, shehe naye alikuna kichwa, mpaka shangazi akasema pilau inapoa, wenye kukuna wakakunie kwao.

Kisha ukaja mwaka 2002, na wenyeji wa Kindu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Waasi walikuwa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa porini wakiuzunguka mji, gari-moshi limekufa, mashua hazipandi wala hazishuki. Mihogo haikuingia. Djamali alikaa mlangoni kwa mashine yake na tasbihi mkononi, na panya walipita mbele yake bila hata kukimbia.

Siku moja Emerance akatazama juu. Kwenye boriti na kuta kulikuwa na unga wa miaka kumi na zaidi, umekaa kama manyoya. Akawaita wanawake wanne wa jirani. Wakapanda juu ya mapipa, wakafagia paa, wakafagia kuta, wakafagia mpaka nyuma ya injini, wakachekecha buibui na misumari, wakasonga bugali. Ilitoka nyeusi, na ilinuka mazutu.

"Baba yangu," akasema mmoja wao baada ya tonge la tatu, "leo mutu akijamba karibu na moto, Kasuku yote inaungua."

Walicheka mpaka wakalala chini. Njaa ina ulevi wake. Tumbo tupu likianza kucheka halina breki. Askari wa doria akaingia na bunduki kuuliza ni chakula gani kinachofurahisha watu namna hiyo. Wakampa tonge. Akatafuna, akatema, akacheka na yeye, akaenda zake.

Mwezi mmoja baada ya hapo, Ismaël alivuka alfajiri kwenda kutafuta mihogo ng'ambo. Alimwambia mke wake kwamba jua likifika juu ya paa la kanisa atakuwa amerudi. Risasi zilisikika mtoni, chache tu. Baadaye watu wa bandari waliuona mtumbwi wake ukishuka na maji, hauna mtu, na ndani yake vikapu viwili vya mihogo. Hakuna aliyejua risasi zilitoka upande gani. Mwili haukupatikana.

Siku hizo mikutano ilikatazwa, na matanga ni mkutano. Kilio kilileta askari mlangoni. Kwa hiyo shangazi alimpa Emerance kitenge akamwambia akiume, na yeye mwenyewe akaegemea mlango kwa mgongo wake. Emerance alilia siku tatu bila sauti. Siku ya nne alirudi kwenye mashine isiyosaga kitu, akakaa.

Vita ilipokwisha, mihogo ilirudi na kicheko chake kikarudi. Djamali alipofariki, watoto wake waliokuwa Kisangani walimwachia mashine. Emerance akawa Mama Mashine, mcheshi wa avenyu nzima. Lakini jina la Ismaël hakulitaja. Hata alipokwenda kumsalimia mama mkwe wake huko ng'ambo, waliongea juu ya mvua, kuku na homa, basi. Ndiyo maana alisita shefu alipomwambia habari ya kunyamaza. Kunyamaza kwa ajili ya wafu alikuwa amekwisha kunyamaza, tena sana.

Hiyo tarehe mbili, mwaka 2023, ilikuwa Jumatano. Nilikuwa wa sita katika mstari na beseni langu. Mbele yangu alikuwa Mama Victorine, muuza samaki, mwanamke ambaye hata polisi wa sokoni humwamkia kwanza. Shefu Rémy alifika amevaa koti, simu mkononi ya kuangalia saa. Emerance alikuwa amejifunga kitenge kipya. Saa sita kasoro sekunde chache, Désiré akafunga mafuta. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikakata.

Jamani. Sikuwahi kusikia mahali pale pakiwa kimya mchana. Kwanza masikio yalilia yenyewe. Kisha tukaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote, kumbe mashine ndiyo iliyovifunika. Bata wa jirani. Maji yakidondoka. Tumbo la mtu fulani katika mstari, likiuliza swali refu. Nilimwona Emerance akiinamisha kichwa na kushika ncha ya kitenge, akaisogeza karibu na mdomo.

Shefu alikuwa ameinua mkono. Nadhani tulikuwa tumefika sekunde ya thelathini.

Sasa, nyuma ya ukuta wa mbao wa mashine ile kuna Célestin, fundi cherehani. Ni mtu mpole, mtu wa suti na sauti ya chini, isipokuwa akiwa kwenye simu. Miaka minane ya kukaa jirani na mngurumo imemfundisha kupiga simu kwa kelele. Tangazo la shefu lilimpita. Na siku hiyo, ndani ya kimya chetu chote, sauti yake ilipasua ukuta:

"JOSIANE! KIPENZI! JUMAPILI NIVAE SURUALI GANI? YA KIJANI AO YA KAHAWIA? MIYE NAOGOPA MAMA YAKO KULIKO MAMBA!"

Josiane ni binti wa Mama Victorine. Na Mama Victorine, narudia, alikuwa mbele yangu, na wala hakujua kwamba kuna suruali yoyote inayokuja kwake Jumapili.

Macho yetu yote yalikwenda chini, kwenye vidole vya miguu. Mabega ya Désiré yalianza. Emerance alikuwa ameshajaza nusu ya kitenge mdomoni, na machozi yanamtoka yakichora mistari kwenye unga. Nadhani tungeshinda. Kweli nadhani tungefika mwisho wa dakika. Lakini Mama Victorine, bila kuinua kichwa, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kuuzia samaki:

"Ya kahawia."

Kisha Célestin, polepole: "Ni nani huyo?"

"Njo mamba," akasema Mama Victorine.

Emerance alianguka. Si mfano wa kusema. Alikaa ndani ya beseni la unga la mtu mwingine. Kitenge kilimtoka mdomoni na kile kicheko ambacho miaka ishirini na sita mashine ilikuwa ikikifunika, siku hiyo tulikisikia chote. Kilikuwa kama mbuzi na tarumbeta kwa pamoja. Mstari mzima ukavunjika. Mzee mmoja alishika nguzo. Mimi nilimwaga mihogo yangu. Nyuma ya ukuta tulisikia kiti cha Célestin kikianguka, na Célestin na kiti.

"Muko munacheka wafu!" Shefu Rémy alipiga kelele. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Munacheka wafu wetu!"

Hapo tulinyamaza wenyewe. Aibu ilitushika kila mmoja mahali pake. Emerance peke yake aliendelea, akajaribu kusimama, akateleza, akakaa tena.

"Siwacheki, shefu," akasema akihema. "Naapa siwacheki. Lakini mume wangu angekuwa hapa, angetushinda sisi wote."

"Mume wako?" Désiré akamgeukia. Amefanya naye kazi miaka kumi na miwili. "Yaya, dada yangu, ulikuwa na bwana?"

Emerance akafuta macho. Akamwambia awashe mashine kwanza.

Désiré akashika manivele, akazungusha. Injini ikapiga chafya. Akazungusha tena. Shefu akavua koti akasaidia, akatoka na mkono mweusi mpaka kiwikoni. Ilikuwa imenuna, kama alivyoahidiwa. Emerance akaigonga kwa ufunguo, akaitukana jina la mama yake, hakuna. Basi tukakaa juu ya magunia kungojea ipoe. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu bugali ya jioni ilikuwa ndani ya yale mabeseni. Na kwa sababu hakukuwa na mngurumo, kwa mara ya kwanza mahali pale mtu aliweza kuongea bila kupiga kelele.

"Aliitwa Ismaël," akasema Emerance. "Alikuwa anapiga kasia. Kila siku alileta hapa mihogo kidogo sana, ya kujaa mikono miwili tu, ili kesho apate sababu ya kurudi. Sikujua. Nilifikiri ni maskini. Siku moja akasimama pale, pale Mama Victorine amekaa, akaanza kunipigia kelele juu ya mashine: 'Emerance! Nataka kukuoa!' Miye nikasikia, 'Nataka kuoga.'"

Mama Victorine akaziba mdomo.

"Nikamwambia, 'Kuoga? Mto si ule!' Nikamwonyesha na mkono. Akanitazama. Akasema tena. Nikamwambia, 'Enda basi, uoge, kwani nani anakukataza?' Masikini ya Mungu, akaenda! Alifikiri njo mila ya watu wa Kibombo, eti mwanaume aoge kwanza ndipo ajibiwe. Akaoga na nguo zake. Akarudi hapa amelowa chapachapa, akasimama mbele ya Djamali na wateja wote, akasema, 'Nimeoga. Sasa?'"

Hata shefu alicheka. Alijaribu kuzuia, ikatokea puani.

Kisha Emerance akatueleza juu ya mtumbwi na vikapu viwili, na kitenge, na siku tatu. Alieleza kwa maneno machache, akitazama mikono yake. Tulilia, na bado mtu mmoja kwenye kona alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Nimeoga, sasa," na mwili ukitikisika, na hatukujua tena machozi yapi ni yapi.

Mama Victorine akamtaja kaka yake Gédéon, fundi wa reli. Vita ilipokaribia, alimficha mbuzi wa harusi yake ndani ya behewa ili asiliwe na askari, na usiku ule ule behewa likafungwa kwenye gari-moshi la mwisho, mbuzi akasafiri mpaka Kibombo peke yake kama mkubwa wa serikali. Gédéon na mke wake waliuawa njiani kwenda Pangi, mwaka 2000. Désiré akamtaja mama yake, aliyekufa kwa homa katika msitu wa Punia walipokuwa wakikimbia, na ambaye mpaka siku ya mwisho alikuwa akigombeza mbu kwa majina. Mimi nilimtaja dada yangu. Shefu Rémy akasema jina la baba yake. Kisha akalikunja koti lake vizuri magotini.

Célestin aliingia wakati huo, kichwa chini, tepu ya kupimia bado shingoni. Alipita mbele ya Mama Victorine kama mtu anayepita mbele ya risasi.

"Mama," akasema, "naomba nisaidie kuwasha."

"Saidia," akasema Mama Victorine. "Tuone kama uko na nguvu."

Basi Célestin akazungusha manivele ile kama mwendawazimu, akazungusha kwa ajili ya Josiane na ya Jumapili na ya maisha yake yote. Saa nane na nusu injini ikakubali. Tulipiga vigelegele. Ilikuwa hatusikiani tena, lakini midomo ilionekana ikiendelea.

Tangu hapo, kila tarehe mbili ya mwezi wa nane, dakika moja hapa kwetu ni ya kunyamaza, na saa mbili ni za kungojea injini. Shefu huandika kwenye ripoti yake ile dakika tu. Watu wengine huja bila mihogo.

Emerance yeye hakungoja mwaka mwingine. Wiki ile ile alivuka kwenda kwa mama mkwe wake, bibi Zena, katika kijiji kilicho upande wa juu wa mto kutoka Alunguli. Bibi alikuwa na miaka themanini na zaidi, na masikio mazuri kuliko yetu. Emerance alimkuta akichambua sombe, majani ya mihogo. Hakuanza na mvua wala kuku.

"Mama, nataka tumulilie Ismaël. Kwa sauti. Na ngoma."

Bibi Zena akaendelea kuchambua majani mawili matatu. "Leta muchele," akasema. "Kuku niko nao. Na uje na watu wenye sauti, hawa wa hapa wamezeeka."

Tulivuka Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, mitumbwi miwili imejaa wanawake wa kusaga, kila mmoja na kitenge cha sare alichoshona Célestin bila kulala. Mama Victorine alikaa katikati na sufuria kubwa mapajani. Mtu alianza wimbo, mwingine akaanza kuyumba, na mpiga kasia akasema kama hatutulii atatuacha kwenye mchanga tukaishi na viboko. Tulicheka zaidi. Maji yaliingia. Emerance alikuwa mbele kabisa, amesimama wakati ameambiwa akae, na hakuna aliyethubutu kumvuta.

Shehe alisoma dua, sisi tukaimba yetu, na hakuna aliyekuna kichwa. Kisha Emerance akalia. Alilia kwa sauti yake yote, mikono juu ya kichwa, akizunguka uwanja, akimwita kwa jina, na kijiji kizima kikamwitikia. Alilia mpaka sauti ikakatika, akanywa maji, akalia tena. Hakuna aliyekuja kumwambia anyamaze.

Tulipokuwa tunakula, bibi Zena akagonga sahani yake kwa kijiko.

"Huyu mutoto wangu," akasema, "alipokuwa na miaka saba alikataa shule. Akaingia ndani ya tanuru la kuchomea matofali, halikuwa na moto, akalala humo. Sisi tukamutafuta mutoni siku nzima. Tukasema ameenda na maji. Nikavunja chungu cha matanga. Wamama wakaja, tukaanza kulia, kilio cha kweli. Jua linazama, tunaona kitu cheusi kinatoka kule tanuruni, kinakuja mpaka katikati yetu, kinanivuta nguo. 'Mama,' anasema, 'nani amekufa?'"

Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba, kisicho na jino hata moja. Emerance alimwegemea begani, akatikisika naye, na ngoma zikaanza tena kabla hatujamaliza wali.